Ganzi Si Dhambi: Tuliyojifunza kwenye Kiti cha Daktari wa Meno



Jumatano ya Majivu ya mwaka 2024 iliangukia tarehe 14 Februari. Sisi mafrateri wawili tulikuwa katika mwaka wetu wa kichungaji, kwenye parokia moja ya ukanda wa dhahabu mkoani Geita, ambako vigango vingine viko hatua chache tu kutoka kwenye maduara na makarasha. Mmoja wetu ni wa Shinyanga, mwingine wa Kahama. Tulipakwa majivu, tukapanga nia zetu za Kwaresima, na kabla ya wiki kwisha mmoja wetu akapata nia ambayo hakuipanga: gego la mwisho, taya la chini, upande wa kulia. Hatutasema ni yupi. Tulikuwa tunalala chumba kimoja, na gego lile lilitukesha wote wawili.

Aliyewahi kuumwa gego la mwisho anajua. Maumivu huanza nyuma kabisa ya taya, yakapanda sikioni, yakashuka kooni. Fizi inavimba juu ya jino ambalo nusu limetoka na nusu limebaki ndani. Kumeza mate ni kazi, na mdomo haufunguki zaidi ya upana wa kidole kimoja.

Tukafanya uamuzi ambao wanaseminari wenzetu watautambua mara moja: tukanyamaza. Ni Kwaresima, tulisema, tumtolee Mungu. Tukasukutua kwa maji ya chumvi, tukameza panado usiku, asubuhi tukahudumia Misa. Siku ya nne Baba Paroko aliweka mezani michembe aliyoletewa na mama mmoja wa WAWATA. Mtu wa Shinyanga hakatai michembe. Mwenzetu aliyeumwa alichukua kipande kimoja, akakizungusha mdomoni kama jiwe, akakirudisha kwenye sahani. Baba Paroko alimtazama, akauliza:

"Frateri, wewe unafunga au unaumwa?"

Hatukuwa na jibu. Lakini tukiwa wakweli, hoja ya Kwaresima ilikuwa nusu tu ya ukweli. Nusu nyingine ilikuwa woga. Tulikuwa tumesikia habari nyingi mno za kung'oa meno.

Habari ya karibu kabisa ilikuwa ya mwenyekiti wa jumuiya mojawapo ya kigango chetu, mchimbaji mdogo aliyeshuka maduarani tangu ujana wake. Amekubali tuandike habari zake bila kumtaja jina. Alikuwa hajaonekana kwenye jumuiya kwa Jumamosi mbili, tukaenda kumtembelea pamoja na katekista. Tulimkuta amekaa nje, amejifunga kitenge cha mke wake kuanzia kidevuni hadi utosini, shavu limevimba.

"Mwangaluka, baba," tulimwamkia.

Aliitikia kwa mkono. Mke wake ndiye aliyesema kwa niaba yake. Tatizo ni jino, gego la mwisho kama letu. Wiki ya pili sasa anameza vidonge vya rangi mbili, vinanunuliwa viwili viwili dukani. Uvimbe ukipungua anaacha, ukirudi anaanza tena. Hospitali hataki kusikia.

Alipopata nguvu ya kusema, alitueleza sababu. Miaka kadhaa nyuma aling'olewa gego jingine, mahali ambapo hakupataja, nasi hatukumwuliza. Alikwenda akiwa amevimba hivyo hivyo. Alichomwa sindano, na jino likaanza kuvutwa. Alisikia kila kitu. Alipopiga kelele aliambiwa akaze, yeye ni mwanaume. Akakaza. Tangu siku hiyo aliamini mambo mawili: kwamba ganzi ni jina tu, na kwamba yeye, anayeshuka kwenye duara kwa kamba bila kutetemeka, ni mwoga mbele ya jino. Hilo la pili ndilo lililomuumiza zaidi. Hakuwahi kumwambia mtu.

Tulirudi parokiani kimya. Kesho yake Baba Paroko alitupakia wote watatu kwenye gari, frateri aliyeumwa, frateri asiyeumwa na mwenyekiti wa jumuiya, akatupeleka hospitali Geita mjini.

*

Daktari wa meno alikuwa dada wa makamo, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alianza na mwenyekiti kwa sababu ya uvimbe, na alituruhusu kukaa naye. Alimpiga picha ya eksirei, akaiinua kwenye mwanga tuone wote.

Magego ya mwisho, alisema, kwa kawaida hutoka kati ya miaka 17 na 25, ndiyo maana wengine huyaita meno ya busara. Yanakuja yakikuta wenzake wamekwisha kukaa. Taya likiwa na nafasi, hutoka bila shida. Nafasi ikikosekana, jino hukwama: jingine linaegemea jirani yake, jingine linalala kabisa ndani ya mfupa. Likitokeza nusu, fizi inabaki juu yake kama mfuniko uliolegea. Chakula kinaingia chini, mswaki haufiki, usaha unaanza. Jino la frateri lilikuwa limeinama kidogo. La mwenyekiti lilikuwa limelala chali.

Mwenyekiti hakujali picha. Aliuliza jambo moja tu: "Hiyo ganzi yenu inafanya kazi kweli?"

Daktari hakumcheka. Aliuliza ile mara ya kwanza ilikuwaje, naye akasimulia. Aliposikia kwamba alikuwa amevimba, alitikisa kichwa.

"Baba, ganzi haishiki vizuri penye usaha. Mahali palipooza panakuwa na asidi, na asidi inaizuia dawa kuingia kwenye mshipa wa fahamu. Ulichomwa, lakini dawa haikushika. Ilitakiwa wasubiri, au wakuongeze, au wakupeleke kwingine."

Mwenyekiti alikaa kimya kidogo. Kisha akasema polepole, kwa mdomo ule usiofunguka:

"Kwa hiyo mimi sikuwa mwoga?"

"Hapana, baba. Uliumia."

Tumesoma falsafa miaka mitatu, na tumesikia mahubiri mengi. Hatukumbuki neno lililomfungua mtu mbele ya macho yetu kama hilo. Alijifuta macho kwa kile kitenge.

*

Baada ya hapo daktari alitueleza njia zilizopo. Tunaziandika hapa kama tulivyozielewa, kwa sababu wasomaji wetu wengi vijana wako katika umri huo wa magego, na wengi wanadhani njia ni moja tu.

Ya kwanza ni ganzi ya sehemu. Ni sindano mdomoni, na dawa inayotumika mara nyingi ni lignokaini, ambayo huchanganywa na adrenalini kidogo ili ikae muda mrefu na damu ipungue. Unabaki macho, unasikia sauti, unaweza kuitikia. Mshipa wa fahamu wa upande ule unalala, wewe hulali. Magego mengi ya mwisho, hata yanayohitaji kupasuliwa fizi, hutolewa kwa njia hii.

Ya pili ni ganzi hiyo hiyo pamoja na dawa ya kutuliza, ya kumeza, ya mshipani au ya kuvuta kama hewa. Unakuwa macho nusu, mwili umelegea, na baadaye huenda usikumbuke mengi. Inawafaa wenye hofu kubwa. Si kila hospitali inayo, na mtu aliyepewa dawa hiyo haruhusiwi kurudi nyumbani peke yake, sembuse kuendesha bodaboda.

Ya tatu ni usingizi kamili, ambao wazee wetu huuita nusu kaputi. Hufanyika chumba cha upasuaji, chini ya mtaalamu wa usingizi anayeangalia pumzi na mapigo ya moyo mwanzo hadi mwisho. Huwekwa kwa kazi ngumu: jino lililozama, meno kadhaa kwa mpigo, mdomo usiofunguka, au mgonjwa ambaye njia nyingine zimemshinda. Ina hatari zake, hivyo haitolewi kwa sababu tu mtu hapendi sindano.

Frateri wetu alipangiwa ganzi ya sehemu. Mwenyekiti alipewa antibiotiki za kutuliza uvimbe, dozi nzima na si viwili viwili, kisha rufaa kwenda Mwanza, hospitali ya Bugando, kwa usingizi kamili. Daktari alimwonya mke wake kwa simu mbele yetu: uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, akishindwa kumeza, ulimi ukiinuka au pumzi ikibana, asisubiri tarehe ya rufaa. Aje usiku huo huo, kwa sababu usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

*

Siku tano baadaye, uvimbe ukiwa umetulia, mwenzetu alikaa kwenye kile kiti. Mwingine alisimama mlangoni na rozari mfukoni, akijifanya anasoma tangazo la kunawa mikono.

Sindano inauma, tusidanganyane. Inachomwa nyuma ya taya, ndani kabisa, na dawa inasukumwa polepole. Maumivu yenyewe ni ya sekunde chache. Moyo unaweza kwenda mbio kidogo kwa sababu ya ile adrenalini, kisha unatulia. Baada ya dakika chache nusu ya mdomo wa chini inakuwa nzito, nusu ya ulimi inapotea, na unahisi shavu limekuwa kubwa kama embe, ingawa kwenye kioo halijabadilika.

Daktari hakuanza. Alisubiri, kisha akagusa fizi kwa ncha ya chuma, akauliza, "Unasikia nini?" Hapo alitoa agizo ambalo tunalibeba mpaka leo: "Ukisikia kusukumwa, hiyo ni kawaida, ganzi haiondoi kusukumwa. Ukisikia kuchoma au kukata, inua mkono wa kushoto nami nitaacha. Usinionyeshe uanaume hapa."

Mwenzetu aliinua mkono mara moja. Daktari aliacha pale pale, akaongeza dawa, akasubiri tena. Hakuna aliyekasirika. Fizi ilipasuliwa kidogo, jino likakatwa vipande viwili kwa mashine, likatoka. Kulikuwa na sauti ya kukwaruza iliyosikika hadi kichwani, na mlio mmoja kama kijiti kikavu kinachovunjika. Kwa mtu ambaye hakuambiwa, mlio ule unatisha kuliko maumivu. Nyuzi mbili, pamba ya kuuma kwa nusu saa hadi saa nzima, basi. Ganzi yenyewe ilichelewa kuondoka, kama saa nne hivi. Katika muda huo mtu asile, asinywe chai ya moto. Anaweza kujiuma mdomo au kujiunguza bila kujua.

Kabla ya yote hayo daktari alikuwa amesema pia kwamba mshipa wa fahamu hupita karibu na mizizi ya gego la chini, hivyo mara chache mdomo au ulimi hubaki na ganzi kwa wiki au miezi, na mara chache zaidi moja kwa moja. Tulimshukuru kwa kutoficha.

*

Jioni ile mezani tulirudi kwenye hoja yetu. Tulimwuliza Baba Paroko: je, hatukupoteza kitu? Injili ya Marko, sura ya 15, inasimulia kwamba pale Golgota Bwana alipewa divai iliyotiwa manemane, naye akaikataa. Ile divai ilikuwa namna ya kupunguza makali ya maumivu. Yeye alikataa, sisi tukapokea lignokaini.

Baba Paroko alitujibu kwa swali: "Na wale waliomjia yeye wakiumwa, aliwahi kumwambia hata mmoja arudi nyumbani akavumilie?"

Tukapitia Injili kichwani, mkwe wa Petro, Bartimayo, yule mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili. Hatukumpata hata mmoja.

Kisha akatuambia jambo ambalo tulikuwa hatulijui, tukalitafuta wenyewe baadaye. Suala hili lilikwisha kuulizwa Roma. Madaktari wa usingizi wa Italia walimpelekea Papa Pio wa XII maswali matatu, naye akawajibu katika hotuba ya tarehe 24 Februari 1957. Kwa ufupi alifundisha kwamba Mkristo hana wajibu wa jumla wa kukataa dawa ya kuondoa maumivu, na daktari anayeitoa hatendi kinyume cha imani. Mtu anaweza kwa hiari yake, kwa sababu njema, kuyapokea maumivu na kuyaunganisha na ya Kristo. Lakini hiyo ni hiari. Haimpasi mtu kumlazimisha mwenzake. Alikumbusha pia kwamba maumivu makali yanaweza kumdhoofisha mtu hata ashindwe kusali na kutimiza wajibu wake. Tulitabasamu kusoma hapo. Katika zile siku nne za ushujaa wetu, Masifu ya Jioni tuliyasali vibaya kuliko wakati wowote wa mwaka huo.

Yohane Paulo wa II naye, katika barua yake juu ya mateso, *Salvifici Doloris*, ya tarehe 11 Februari 1984, anaeleza kwa kina jinsi mateso yanavyoweza kuunganishwa na msalaba wa Kristo, kisha anafika kwa Msamaria Mwema. Yule Msamaria hakumhubiria majeruhi juu ya thamani ya vidonda. Alimwaga mafuta na divai, akamfunga, akampandisha kwenye mnyama wake, akalipa.

Na kuna jambo la kufurahisha katika historia ya tiba. Waliofungua mlango wa nusu kaputi walikuwa waganga wa meno: Horace Wells, aliyeng'olewa jino lake mwenyewe kule Hartford, Marekani, mwaka 1844 akiwa amevuta gesi, na William Morton, aliyeonyesha matumizi ya etha mbele ya madaktari wa Boston tarehe 16 Oktoba 1846. Jino ndilo lililowasukuma watu kutafuta namna ya kuwalaza wagonjwa. Lignokaini ilikuja karibu miaka mia moja baadaye, ikitengenezwa Uswidi mwaka 1943.

*

Sasa kosa letu. Mwenzetu alipewa ruhusa ya siku chache kupumzika nyumbani Shinyanga. Karatasi ya maelekezo alikuwa nayo mfukoni: asiteme mate kwa nguvu, asisukutue siku ya kwanza, asinywe kwa mrija, asivute sigara, ale vitu laini, aweke barafu shavuni siku ya kwanza, maji ya chumvi yaanze baada ya saa 24, polepole. Akapanda basi la Kahama siku ya pili. Joto lilikuwa kali, akanunua soda, akainywa kwa mrija, na njiani akatema mate dirishani kama abiria wengine wote.

Siku ya tatu, badala ya maumivu kupungua, yalirudi na nguvu mpya hadi sikioni, na mdomo ukatoa harufu mbaya. Bibi yake alidhani amelogwa. Haikuwa hivyo. Damu iliyoganda kwenye shimo la jino ndiyo plasta ya Mungu. Mrija na kutema viliing'oa, mfupa ukabaki wazi. Mtaalamu wa meno pale Shinyanga alisafisha shimo, akaweka dawa yenye harufu ya karafuu, na maumivu yakapungua siku ile ile. Hakumsema sana. Alimwuliza tu kama seminari hawafundishi kusoma.

*

Wiki ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi tulimsindikiza mwenyekiti na mke wake Mwanza. Wakati ule bado tulivuka kwa kivuko, Busisi kwenda Kigongo, na daraja tuliliona pembeni likijengwa. Leo wasafiri wanapita juu. Daraja hilo la kilometa zipatazo tatu lilifunguliwa Juni 2025. Kwenye foleni ya kivuko mwenyekiti alitazama nguzo zile kwa muda mrefu, kwa jicho la mtu wa kazi. Sisi tulikuwa tunatafuta maneno ya kumtia moyo. Yeye ndiye aliyetupa sisi.

"Mafrateri," alisema, "ninyi mmeingia duarani kwangu. Mliyaona matimba?"

Tuliyaona, ile miti inayozuia kuta zisiporomoke.

"Anayeshuka bila matimba tunamwita mjinga. Hakuna anayemwita jasiri. Hii nusu kaputi nimeiona ndiyo matimba."

Siku iliyotangulia upasuaji mtaalamu wa usingizi alikaa naye karibu nusu saa. Alimwuliza presha, sukari, pumu, dawa anazotumia, kama aliwahi kulazwa usingizi, kama katika ndugu yupo aliyepata shida kwa dawa hizo. Aliuliza sana juu ya kikohozi, kwa sababu vumbi la mwamba huharibu mapafu ya wachimbaji, na kifua kikuu huandamana nalo. Akauliza pombe na sigara. Mwenyekiti alitutazama sisi, akaona aibu. Tukatoka nje. Baadaye alituambia alisema yote. Ndivyo inavyopasa, mbele ya mtaalamu wa usingizi, kama kwenye kitubio, unachokificha ndicho kitakachokudhuru.

Aliambiwa asile chochote kwa saa sita kabla, na maji matupu yakome saa mbili kabla. Mke wake alitaka kumpa uji alfajiri, "asiende na njaa". Muuguzi alimweleza kwa upole: mtu akilala usingizi ule, chakula kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Mama yule aliunywa uji mwenyewe, akilia.

Tulikaa kwenye benchi la nje, sisi wawili na mama. Tulisali rozari, matendo ya uchungu, na kwa tendo la kwanza tulimkumbuka Bwana akiomba kikombe kimwepuke. Yeye pia aliomba. Kwa nini mchimbaji wa Geita aone haya kuomba?

Alitoka akiwa hai, akiwa na usingizi, sauti ya kukwaruza kwa sababu ya mpira uliopitishwa kumsaidia kupumua. Alikuwa na baridi na kichefuchefu kidogo. Shavu lilivimba zaidi siku ya pili na ya tatu, kama tulivyoambiwa, kisha likaanza kushuka. Neno lake la kwanza kwa mke wake lilikuwa swali: "Wameanza?"

*

Ndugu mafrateri, tunaandika haya kwa sababu kesho tutakuwa mapadre, na watu watatujia wakiwa wameshika shavu. Tukiwaambia "mtolee Mungu" kabla ya kuwauliza "umekwenda hospitali?", tunaweza kuwa tunawafunga mzigo ambao Bwana hakuwatwisha. Kuna maumivu yasiyo na dawa. Hayo tutayabeba pamoja nao, na hapo msalaba unasema kweli. Lakini jino lina dawa.

Nanyi waamini wenzetu, msisubiri uvimbe. Msinunue vidonge viwili viwili. Mwulizeni daktari atatumia ganzi gani, gharama ni kiasi gani, na bima yenu inafika wapi. Mkisikia maumivu, semeni. Mkiwa na mgonjwa, msindikizeni. Kukaa kwenye benchi la nje ni huduma, hata kama hujui la kusema.

Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Apolonia tarehe 9 Februari. Alikuwa Mwafrika wa Aleksandria, na mwaka 249 watesi walimvunja meno kwa sababu ya imani yake. Ndiyo maana wenye kuumwa meno humwomba. Siku mbili baadaye, tarehe 11, ni Siku ya Wagonjwa Duniani. Mwaka uliofuata jumuiya ya mwenyekiti wetu iliunganisha siku hizo mbili katika sala zake. Baada ya sala mwenyekiti alisimama, akawaambia vijana wa maduarani kwamba Jumatatu ana safari ya Geita mjini, na kama kuna mwenye jino, waende pamoja.

Vijana watatu waliinua mikono. Mmoja aliuliza kama itauma.

"Sindano, ndiyo," alijibu. "Baada ya hapo, ukisikia kuchoma, inua mkono. Mimi nitakuwa mlangoni."